Umemaliza shahada ya sheria, Law School bado: namna ya kupata uzoefu ukiwa Mbeya, Iringa au Njombe

Mahafali yakishapita tu, simu yangu inaanza. "Kaka, shikamoo. Nimemaliza sheria, ada ya Law School haijapatikana, nipo tu nyumbani. Nianzie wapi?" Mmoja yuko Makambako, mwingine Tukuyu, mwingine anauza dukani kwa mama yake Mwanjelwa huku cheti kimelala kabatini. Maswali ni yale yale. Nimechoka kuyajibu moja moja, basi haya hapa yote kwa pamoja.

Mwongozo huu ni wa aliyemaliza shahada ya kwanza, awe ametoka RUCU (Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Ruaha), Chuo Kikuu cha Iringa, Mzumbe Mbeya au kwingineko, na anasubiri kwenda Dar es Salaam kwenye Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ile ambayo kila mtu anaiita Law School. Wewe wa kidato cha sita unayewaza kusoma sheria, chukua hatua ya 1, ya 2 na ya 7. Zilizobaki zitakusubiri.

Kwa nini ujisumbue? Mwaka 2022 matokeo ya Law School yalizua mjadala nchi nzima: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, mpaka serikali ikaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza kulikoni. Sababu zilitajwa nyingi, sitazirudia. Mimi nasema nililoliona nilipopita pale. Nilikaa na wenzangu walionizidi alama kwa mbali, lakini siku tulipoambiwa tuandae hati ya madai walikuwa wanatafuta pa kuanzia. Hawakuwa wajinga hata kidogo, ila jalada la kesi walikuwa hawajawahi kulishika. Mimi nilikuwa nimetoboa na kufunga majalada kwa uzi miezi kumi na minne katika ofisi moja ndogo Mbeya mjini, tena kwa nauli tu.

Ndiyo maana anayenipigia namuuliza swali moja: huko unakotaka kwenda, kwa wiki utagusa majalada mangapi? Ukubwa wa jengo na jina la ofisi tutayazungumza baadaye.

Uwe navyo kabla hujatoka nyumbani

- Nakala za vyeti na matokeo ya chuo, zilizothibitishwa. Tano zinatosha kuanzia.
- Kitambulisho cha NIDA au namba yake, na barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa au kijiji.
- Wasifu wa ukurasa mmoja. Mmoja kweli. Hakuna wakili atakayesoma kwamba ulikuwa kiongozi wa bweni.
- Nguo nyeusi na nyeupe seti mbili, na koti la baridi. Juni na Julai masjala za huku zinauma mifupa.
- Kauntabuku ngumu, flashi, na simu yenye programu ya kuskani nyaraka.
- Nauli na chakula cha miezi mitatu, hata kama ni cha kuungaunga.
- Vidole vinavyojua kuchapa. Kama bado unawinda herufi moja moja, nenda steshenari ya mtaani ukajitolee mwezi mmoja uchape barua za watu. Sitanii. Anayechapa haraka bila makosa hupewa nyaraka, na asiyejua kuchapa hubaki na kazi ya kutumwa maji.

Hatua

1. Angalia watu wa kwenu wanagombania nini. Usianze na "nataka sheria za kimataifa". Mufindi kuna mashamba ya chai na viwanda vya mbao, kwa hiyo kuna wafanyakazi wanaoachishwa kazi. Mbarali kuna wakulima na wafugaji. Chunya kuna wachimbaji wadogo na leseni zao. Tunduma kuna mizigo ya mpakani. Njombe parachichi limeleta mikataba ya ununuzi ambayo wengi wanaisaini bila kuisoma. Na kila mahali kuna mirathi na mipaka ya mashamba. Chagua eneo moja au mawili. Ukiomba nafasi ukasema "nataka kujifunza migogoro ya kazi kwa sababu kwetu ni Mgololo, Mufindi", unasikilizwa tofauti na yule anayesema "nafanya chochote".

2. Kaa mahakamani wiki mbili kabla ya kuomba popote. Hatua hii wengi wanairuka. Kesi nyingi husikilizwa wazi, na hulipi kitu kuingia kusikiliza. Anza na Mahakama ya Mwanzo, ndiko Kiswahili kinakotumika tangu zamani na ndiko wananchi walio wengi wanakokutana na sheria. Fika saa mbili na nusu, soma orodha ya mashauri ubaoni, zima simu, simama hakimu anapoingia, kaa nyuma. Usirekodi wala kupiga picha.

Angalia mambo madogo. Kesi ngapi zinaahirishwa, na kwa sababu gani? Shahidi hakufika, samansi haikumfikia, jalada limeitwa mahakama ya juu. Sikiliza tofauti ya kesi "kutajwa" na "kusikilizwa". Ukitoka Mahakama ya Mwanzo nenda Wilaya, kisha upande Mahakama Kuu, Mbeya au Iringa, uone jinsi hoja zinavyobadilika sura. Jioni fungua TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, kwenye simu, usome hukumu moja ya rufaa iliyotoka kanda yenu. Ni bure.

Wiki mbili hizo zitakupa kitu kingine: makarani watakuzoea sura. Usidharau hilo.

3. Tengeneza orodha ya ofisi, kisha zichekeche. Orodha isiwe ya mawakili peke yake. Weka na hizi:

- Mwanasheria wa halmashauri, kwa barua inayopitia kwa Mkurugenzi.
- Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa migogoro ya kazi.
- Vyama vya wafanyakazi. TPAWU, kwa mfano, ni cha wafanyakazi wa mashambani, na sheria inamruhusu kiongozi wa chama kumwakilisha mwanachama mbele ya Tume.
- Mashirika na vikundi vya wasaidizi wa kisheria vilivyosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.
- Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya Wilaya.
- Nafasi za mafunzo kazini zinazotangazwa na TaESA, Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania. Hizo unaziomba mtandaoni.

Kwa mawakili, ushauri wangu ni ofisi yenye wakili mmoja au wawili. Ofisi kubwa inapendeza kwenye wasifu, ila kule wapo makarani watatu mbele yako na jalada utaliona likipita. Ofisi ndogo, karani akiugua Jumatatu, Jumanne uko masjala na bahasha kwapani.

Onyo: kabla hujapeleka barua, hakiki kwenye mfumo wa e-Wakili kama mwenye ofisi yumo kwenye orodha ya mawakili na ana leseni hai. Vishoka, yaani mawakili wa bandia, wapo, wana mihuri, wana koti zuri kuliko la wakili wako. Ukifanya kazi chini ya kishoka, umejifunza ukishoka.

4. Peleka barua kwa mkono, uwe na nakala mbili. Moja wanabaki nayo, ya pili unaomba wagonge mhuri wa kupokea na tarehe. Barua iwe fupi: wewe ni nani, unataka kujitolea muda gani, unataka kujifunza nini, unajua kufanya nini. Aya ya "Husika na kichwa cha habari hapo juu" inatosha mara moja, usiirudie kila aya. Baada ya siku kumi rudi mwenyewe uulize. Usipige simu, nenda. Mtu wa mapokezi msalimie vizuri kuliko unavyomsalimia bosi, kwani yeye ndiye anayejua barua yako iko kwenye trei gani.

5. Kubalianeni mapema. Vijana wanaona aibu hapa, halafu wanalalamika mwezi wa nne. Uliza: siku ngapi kwa wiki, saa ngapi mpaka saa ngapi, nauli ipo au haipo, nani atanisimamia, na mwisho nitapata barua ya kuthibitisha? Ofisi nyingi hazina mshahara wa kukupa, huo ndio ukweli. Lakini ukitumwa Vwawa kupeleka nyaraka, nauli ya kwenda Vwawa si yako.

6. Wiki za mwanzo, ishi masjala. Jifunze kufungua jalada la ofisi, kupanga nyaraka kwa tarehe, kulipia ada za mahakama kwa namba ya malipo, kufuatilia nakala ya hukumu, kuandika kalenda ya kesi. Siku hizi mashauri yanasajiliwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Mahakama, na hapo ndipo penye upenyo wako: mawakili wengi wa umri wa baba zetu ni hodari wa hoja lakini mfumo unawatoa jasho. Ukiwa wewe ndiye unayeskani, unayepanga viambatisho na kuhakikisha kurasa hazijapinda, basi kila jalada la ofisi ile litapitia kwako, na utasoma yote.

Andika siku za ukomo ukutani, zikuingie kichwani kabla ya Law School. Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya, siku 30. Kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu, siku 45. Mgogoro wa kuachishwa kazi kufika kwenye Tume, siku 30. Nimeona mzee kasafiri kutoka Ileje na bahasha ya nyaraka safi kabisa, amechelewa wiki mbili.

7. Jifunze kumsikiliza mteja. Mwombe bosi akuruhusu ukae pembeni mteja anapojieleza, uandike. Mtu wa huku haanzi na kesi. Anaanza na marehemu babu, anapita kwenye mgomba uliokatwa, anafika kwa mtoto wa kaka aliyerudi kutoka Dar, ndipo unasikia shamba liliuzwa. Usimkatize. Mwache amalize, halafu muulize tarehe moja moja. Mzee wa Kihehe ukimpokea kwa "kamwene" kabla ya Kiswahili, mabega yanashuka.

Na shika karatasi zake mwenyewe. Hati ya mauziano ya huku mara nyingi ni ukurasa wa daftari, wino wa rangi mbili, dole gumba, na saini ya mwenyekiti wa kitongoji. Isome mara tatu. Mashahidi wako wapi leo? Mipaka imetajwa kwa miti; miti bado ipo? Mke alikuwepo? Maswali hayo hutayakuta kwenye mihadhara.

Kama hujapata ofisi, hatua hii unaweza kuifanya kwa njia nyingine. Wiki ya Sheria, kila mwaka mwishoni mwa Januari mpaka mwanzoni mwa Februari, mahakama zinatoka nje na mabanda ya elimu kwa wananchi. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyoanza 2023, nayo hupita mikoani. Omba kusaidia kuandikisha watu. Siku moja ya foleni ile utaona mirathi nyingi kuliko muhula mzima.

8. Andika, usahihishwe kwa wino mwekundu. Anza na barua ya madai, halafu hati ya kiapo, halafu maombi, mwisho hati ya madai. Andaa rasimu yako hata kama hujaombwa, mpelekee bosi, mwambie "naomba unisahihishe". Zitunze rasimu zilizochorwa chorwa, ukishafuta majina ya wateja.

Nikwambie iliyonipata. Mwezi wangu wa tatu niliandaa hati ya kiapo ya maombi ya kuongezewa muda. Mteja alikuwa mama wa upande wa Rungwe, kesi ya shamba la migomba. Nilizipenda sana aya zangu, zilikuwa na mtiririko. Pale chini, panapoonyesha kiapo kimeapwa wapi na lini, tarehe niliweka, mahali sikuweka. Bosi alisaini akiwa anawahi kesi nyingine. Sheria inataka vyote viwili. Upande wa pili wakaleta pingamizi la awali, dakika kumi hazikufika, maombi yakaondolewa. Koridoni yule mama akanishika mkono: "Mwanangu, tumeshinda?" Nikamwambia hapana mama, nilisahau neno moja. Akaniangalia, akasema "ndaga", asante kwa Kinyakyusa, akaanza kufunga kanga vizuri kwa safari. Tulifungua upya kwa gharama ya ofisi. Tangu siku ile huwa nasoma hati ya kiapo kuanzia chini kwenda juu.

9. Tunza daftari la majalada. Kila jalada ulilogusa: aina ya kesi, mahakama, ulichofanya wewe, kilichotokea, ulichojifunza. Usiandike majina ya wateja wala siri zao. Miezi sita ikipita utakuwa na kurasa ambazo hakuna kitabu kitakupa, na ukifika Law School wakianza mwenendo wa mashauri ya madai na ya jinai, uandishi wa nyaraka na maadili, kila kifungu utakuwa na sura ya mtu wa kukiweka.

10. Omba barua ya utumishi kabla ya kuondoka, iliyosainiwa, yenye tarehe na kazi ulizofanya. Mwezi mmoja kabla, si siku ya kupanda basi.

Makosa yanayowaharibia wengi

*Kujiita wakili.* Jirani zako wataanza kukuita "wakili" siku ya mahafali. Mama atawaambia kanisani. Cheka, lakini usiitikie kazini. Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inakataza asiye wakili kujifanya wakili au kuandaa nyaraka za kisheria kwa malipo. Wale wa "niandikie mkataba wa kiwanja nikupe ya soda", wapeleke ofisini kwa bosi wako. Siku ya kuomba kuandikishwa uwakili maombi yanakwenda kwa Jaji Mkuu, na mwenendo wako unaulizwa. Ya soda itakugharimu.

*Kupokea pesa ya mteja.* Hata kama ni ya nauli ya shahidi, hata kama bosi hayupo. Mwelekeze kwa anayetoa risiti.

*Kusimulia kesi.* Iringa ni mji mdogo. Ukisimulia kesi kwenye bajaji ya kwenda Ipogolo, inafika kwa mdaiwa kabla yako.

*Kumtuliza mteja kwa kumwahidi ushindi.* Usimwahidi. Mwambie tarehe inayofuata, na nyaraka anazotakiwa kuja nazo.

Mambo yakikwama

*Nimepeleka barua ofisi nane, kimya.* Angalia barua yako kwanza, mpe mtu aisome. Halafu badilisha mlango: badala ya kuomba "nafasi ya kujitolea", omba kazi moja inayojulikana, mfano kupanga na kuskani majalada ya zamani kwa wiki tatu. Kabati la majalada ya zamani lipo kila ofisi na hakuna anayelitaka. Wengi wameingia kupitia kabati hilo.

*Mwezi wa pili sasa, natumwa chai na vocha.* Chai lete, usijione mkubwa. Ila ijumaa mwambie bosi kwa adabu: "Wiki ijayo naomba nikae nawe kwenye kesi moja, nikuandalie muhtasari wake." Ukisema hivyo mara tatu na hakuna kilichobadilika, aga vizuri uondoke.

*Nauli hakuna na nyumbani wananiona mzururaji.* Gawa wiki. Siku tatu ofisini, siku tatu kwenye kazi ya kukuingizia hela, iwe kufundisha jioni, duka au shamba. Wanaokaa siku tano bila kula hawamalizi miezi miwili. Na mzee wako mpeleke mahakamani siku moja akuone umebeba jalada, maneno yatapungua nyumbani.

*Ninaombwa nisaini mahali pa wakili, au nigonge mhuri akiwa safarini.* Kataa. Kama ni desturi ya ofisi, hiyo ofisi ihame leo.

*Anayenisimamia anataka mambo mengine ndipo anipe kazi au barua.* Hiyo ni rushwa ya ngono, na ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Tunza ujumbe aliokutumia, mwambie mtu unayemwamini, nenda TAKUKURU. Barua ya utumishi unaweza kuipata kwingine.

*Kiingereza cha nyaraka kinanishinda.* Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, lakini hukumu na mifano mingi utakayokutana nayo bado ni ya Kiingereza. Nakili kwa mkono hati moja nzuri kila siku. Mwezi mmoja tu, utaanza kuzisikia sentensi zake kabla hujazifikia.

*Tarehe ya usajili Law School imefika, na kesi niliyoifuatilia mwaka mzima haijaisha.* Haitaisha kwa ajili yako. Kaa na anayekupokea siku mbili, mpe orodha ya majalada yote na tarehe zake, mwonyeshe ipi ina ukomo wa karibu, mpe namba ya karani anayepokea simu kweli, na ile ya yule mama wa migomba ambaye hupatikana jioni tu akipanda mlimani kwenye mtandao. Halafu rudisha funguo ya kabati.